Kabla ya kujaza KUCCPS: jinsi ya kumsaidia mwanao kuchagua vyuo vya kilimo

Kijana akisema "nataka kusomea kilimo", bado hujajua anachotaka. Ndani ya neno hilo moja yumo daktari wa mifugo, mhandisi wa mifereji, mtengenezaji wa jibini, afisa wa ugani, mwalimu wa sekondari na mfanyabiashara wa viazi. Kila mmoja ana masomo yake, chuo chake na bodi yake ya usajili. Wazazi wengi, wakijaza maombi ya KUCCPS, mfumo wa kitaifa wa kuwapangia wanafunzi vyuo, huanza na jina la chuo, kisha humtafutia mtoto kozi ndani yake. Ni afadhali uanze na kazi, kisha masomo, kisha shamba la chuo, na jina la chuo lije mwisho.

Anza na mikono

Tengeni jioni mbili, wewe na mwanao, simu zikiwa pembeni. Swali la jioni ya kwanza ni moja: ukiwa na miaka 25, Jumatatu asubuhi unataka mikono yako iwe inashika nini? Mnyama, udongo, mashine, maziwa, hesabu, au watu? Usikubali jibu la "chochote". Mtoto anayeogopa damu hafai kusukumwa kwenye afya ya mifugo kwa sababu tu mjomba ana duka la agroveti.

Anayetaka mnyama ana njia mbili ambazo watu huzichanganya. Ufugaji na sayansi ya wanyama hufundisha lishe, uzalishaji na mbegu bora. Afya ya mifugo na udaktari hufundisha tiba. Udaktari wa mifugo ni shahada ya miaka 5 na husomwa katika vyuo vichache, Egerton kikiwa kimojawapo. Afya ya mifugo ya diploma au cheti husomwa kwenye taasisi za mafunzo ya afya ya mifugo kama AHITI Nyahururu. Upande wa tiba unaongozwa na sheria ya mwaka 2011: asiyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB, haruhusiwi kutibu. Kozi isiyotambuliwa na KVB itampa cheti cha kutundika ukutani, na kazi hatapata.

Anayependa mashine, pampu na mabwawa aangalie uhandisi wa kilimo, ambao pia ni miaka 5. Hapo fizikia na hisabati ndizo uti wa mgongo, na ni lazima mthibitishe kama Bodi ya Wahandisi inaitambua kozi ya chuo hicho. Anayependa maziwa na chakula ana teknolojia ya maziwa na sayansi ya chakula. Egerton ina kiwanda chake cha mafunzo, Guildford Dairy, na kwa diploma kuna Dairy Training Institute ya Naivasha. Anayetaka kufundisha kilimo sekondari atafute elimu ya kilimo na ugani, akijua kwamba TSC, tume ya kuajiri walimu, hudai C+ ya jumla na C+ katika masomo yake mawili ya kufundishia. Biashara ya kilimo na uchumi wa kilimo ni za mwenye kichwa cha hesabu na ulimi wa sokoni.

Jioni ya pili ni ya kupunguza. Baki na kazi mbili, zisizidi. Kijana mwenye kazi tano kwenye orodha atajaza fomu kwa kubahatisha.

Alama: hesabu mfanye wenyewe

Milango iko hivi. Shahada hudai wastani wa C+. Diploma hudai C-. Cheti hudai D. Chini ya hapo kuna kozi za ufundi stadi, na humo mtoto anaweza kupanda ngazi kwa ngazi. Kwenye mfumo wa CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya vyuo vya ufundi, utaziona zimeandikwa Level 6 kwa diploma, Level 5 kwa cheti na Level 4 kwa ufundi stadi. Mtoto mwenye C asishushwe kwenye cheti kwa sababu ada ni nafuu. Diploma ni haki yake, na kutoka diploma watu huingia shahada kila mwaka.

Kwa shahada, wastani ni tiketi ya kuingia uwanjani tu. Kinachoamua nafasi ni pointi za kundi, zile watu huziita klasta, ambazo kilele chake ni 48. Chukua masomo manne ambayo kozi inayataka, jumlisha pointi zake (A ni 12, E ni 1), gawanya kwa 48. Chukua jumla ya masomo saba, gawanya kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Tumchukue kijana mwenye Biolojia B (9), Kemia B- (8), Hisabati C+ (7) na Jiografia B+ (10). Masomo manne yanampa 34. Jumla yake ya masomo saba ni 56, yaani B- ya wastani. Hesabu inatoa takriban 32.98. Tovuti ya KUCCPS inaweza kutoa tarakimu inayotofautiana kidogo, na hiyo ya tovuti ndiyo ya kufuata. Hii ya nyumbani ni ya kukuonyesha mko wapi.

Sasa mtazame kijana huyohuyo akiwa bado kidato cha tatu. Akipandisha Kemia kutoka B- hadi B+, pointi zake zinafika 34.54. Akipandisha Historia, ambayo haimo kwenye yale manne, kwa hatua hizohizo mbili, anafika 33.57 tu. Jasho ni lile lile, lakini Kemia inampa karibu mara tatu ya Historia, kwa kuwa inahesabiwa pande zote mbili. Ndiyo maana mazungumzo haya yafanyike mapema, kidato cha tatu ikiwezekana. Kwa kozi nyingi za mimea na wanyama, Biolojia na Kemia ndizo moyo wa kundi. Wazazi hudhani somo la Kilimo la sekondari ni sharti. Mara nyingi si sharti, ila linasaidia likiwa miongoni mwa masomo yanayokubaliwa.

Kosa linalowaumiza wengi ni hili: pointi zinatosha, lakini kozi inadai alama fulani kwenye somo fulani, tuseme C+ ya Kemia, na mtoto ana C. Kozi hiyo haimfai hata akiwa na pointi 36. Soma masharti ya kila somo kabla ya kutazama pointi.

Mahesabu haya ni ya watahiniwa wa KCSE, na wa mwisho kwenye mfumo huo watakaa mtihani 2027. Kama wako aliingia Gredi ya 10 kuanzia 2026, kazi yenu ya sasa ni kuhakikisha yuko kwenye njia ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), na Biolojia, Kemia au Kilimo viko kwenye mchanganyiko wake.

Chuo kiko kwenye udongo gani?

Kilimo hujifunzwa kwenye ardhi iliyopo, kwa hiyo mahali pa chuo ni sehemu ya somo. Njoro kuna baridi, ngano, viazi na ng'ombe wa maziwa. Egerton ilianza huko mwaka 1939 kama shule ya kilimo, ikawa chuo kikuu 1987. Jirani yake ni kituo cha Njoro cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, ambako aina za ngano hujaribiwa dhidi ya kutu ya shina. Mtoto anayependa nafaka au maziwa ana mengi ya kuona bila kupanda matatu. Molo kuna Baraka Agricultural College, chuo kidogo cha Kanisa Katoliki chenye mwelekeo wa kilimo endelevu na ufugaji wa nyuki.

Ukishuka Kisumu, hewa na udongo vinabadilika. Kuna mpunga wa Ahero, miwa ya Miwani na Muhoroni, na samaki wa ziwani na wa vidimbwi. Kituo cha utafiti cha Kibos hushughulikia miwa. Maseno ina shule ya kilimo na usalama wa chakula, na JOOUST, chuo kikuu cha Bondo, ina ya kilimo na sayansi ya chakula. Mbele kidogo, Mbita, kuna kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, kinachojulikana kwa mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi ili kuzuia gugu la kiduha na kufukuza nondo wa bua. Kijana wa kwenu Siaya au Vihiga ambaye ameona kiduha, ile kayongo, ikimaliza mahindi ya nyanya yake ana sababu nzuri ya kusomea upande huu.

Kakamega kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, MMUST, na kuna Bukura Agricultural College, chuo cha diploma ambacho maafisa ugani wengi wa Magharibi wamepitia. Eldoret kuna Chuo Kikuu cha Eldoret, chenye kilimo na pia idara ya uvuvi. Kwa vyeti na diploma za karibu na nyumbani, tazameni Kisumu National Polytechnic, Sigalagala, na taasisi ya ufundi ya Nakuru iliyojulikana kama RVIST, mkiuliza kila mahali ni kozi gani hasa za kilimo zinazofundishwa mwaka huo. Jina la kozi kwenye tangazo la zamani si ahadi.

Umbali una uzito wake pia. Mtoto wa Busia anayesoma Njoro atahitaji nauli, blanketi zito na mtu wa kumpigia akiugua. Lakini msimnyime kozi inayomfaa kwa sababu hiyo tu.

Nendeni mkalione shamba

Hili ndilo tungekuomba usiliruke. Chuo cha kilimo hutazamwa shambani. Lango huwa limepakwa rangi, na bustani ya mbele huwa imepandwa kwa ajili ya wageni. Nendeni siku ya kazi katikati ya muhula, mkiwa na viatu vya kukanyaga matope, na muombe ruhusa ofisi ya masajili siku chache kabla.

Fikeni kabla ya saa tatu asubuhi, saa ambayo kipimo cha mvua husomwa. Ombeni kuonyeshwa kipimo hicho na daftari lake. Ni kopo tu ndani ya uzio mdogo wa waya, na ukurasa wenye safu mbili, tarehe na milimita. Kama mstari wa mwisho ni wa jana, kuna mtu anayefundisha kwa vitendo hapa. Kama mstari wa mwisho ni wa miezi minne iliyopita na ndani ya kopo kuna majani yaliyooza, mmeshajua kitu ambacho brosha haitawaambia.

Kutoka hapo piteni kwenye vishamba vya wanafunzi. Kila kishamba kiwe na kibao: jina la kundi, aina ya mbegu, tarehe ya kupanda, mbolea iliyotumika. Linganisheni tarehe na urefu wa mimea. Mahindi ya wiki nne hayawezi kukupita kichwani. Mkikuta vibao vimesimama kwenye magugu, muhula huu hakuna aliyeshika jembe. Msiogope kuona ugonjwa. Kishamba cha nyanya zilizonyauka, na mwanafunzi anayeweza kuwaeleza kwamba ni bakteria wa kwenye udongo na kwamba msimu ujao watapanda mahindi hapo badala ya viazi au pilipili, ni ushahidi bora kuliko kivungulio (greenhouse) kinachong'aa ambacho wanafunzi hawaruhusiwi kuingia.

Kwenye kivungulio chenyewe, inameni mtazame mabomba ya matone. Maji yatoke kila tundu. Matundu yakiziba kwa chumvi au matope na mimea ya mwisho wa mstari imenyong'onyea, hakuna anayesafisha chujio.

Kwa ng'ombe, rudini alasiri wakati wa kukamua. Tafuteni ubao wa rekodi wenye jina la kila ng'ombe na lita zake za asubuhi na jioni. Mkamuaji anapaswa kukamulia michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi au chenye chujio ili kuona mabonge ya ugonjwa wa kiwele kabla hajaweka maziwa kwenye ndoo. Aliyeshika kiwele ni mwanafunzi au ni kibarua? Ulizeni pia kama kuna laktomita, kipimo cha uzito wa maziwa, na maziwa mazuri husoma ngapi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ajibu kati ya 28 na 32 bila kwenda kuuliza. Kisha hesabuni: darasa la watu 80 na ng'ombe wanne ina maana mwanao atakamua mara chache mno.

Maabara huchukua dakika kumi. Hadubini zinazofanya kazi ni ngapi kwa darasa zima? Chupa za kemikali zimepita tarehe? Kuna kifaa cha kupimia asidi ya udongo, na kiliwahi kutumika muhula huu?

Halafu mwacheni mwanao peke yake na wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, nyie wazazi mkanywe chai. Aulize: umewahi kuendesha trekta mara ngapi? Ulifanyia wapi atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, na nani alikutafutia? Matokeo ya mitihani hutoka kwa wakati? Wahadhiri huingia darasani? Vijana huambiana ukweli mzazi asipokuwepo.

Atachimenti ndiyo daraja la kupata kazi, kwa hiyo ofisini ulizeni orodha ya mahali wanafunzi wa mwaka jana walikwenda. Chuo cha Nakuru kinachopeleka watu kwenye mashamba ya maua ya Naivasha na kwenye vyama vya maziwa kina mtandao. Chuo kinachosema "kila mtu hujitafutia" kinawaachia mzigo. Ulizeni pia kama chuo hutoa barua ya bima, kwa kuwa mashamba mengi makubwa humkataa mwanafunzi asiye nayo.

Nani ameidhinisha?

Vyuo vikuu na kozi zake huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Vyuo vya kati huidhinishwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Kuona nambari ya TVETA kwenye bango hakutoshi. Cheti chenyewe kinapaswa kutaja kozi mnayoitaka. Chuo kinaweza kuwa halali kwa upishi na ushonaji, na kilimo kikawa hakimo. Ulizeni pia mtihani wa mwisho hutolewa na nani: KNEC, CDACC au chuo chenyewe. Anayewataka mtume "ada ya kushikilia nafasi" kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, achaneni naye siku hiyohiyo. Ada ya chuo cha umma hulipwa kupitia akaunti au nambari rasmi, na risiti hutoka.

Fedha

Tangu 2023, mwanafunzi aliyepelekwa chuo kikuu cha umma na KUCCPS huomba ufadhili na mkopo kupitia HEF, tovuti ya ufadhili wa elimu ya juu, na familia huongeza sehemu yake kulingana na hali yake. Asiyeomba huachiwa bili nzima, kwa hiyo ombeni hata kama mnadhani hamtapata, na jazeni mapato ya nyumbani kwa ukweli, kwa kuwa kiwango cha msaada hutegemea majibu hayo. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hukopesha wa vyuo vya kati pia. Basari ya NG-CDF na ya kaunti huombwa kando, kwa kawaida mkiwa na barua ya kuitwa chuoni na muundo wa ada.

Muundo wa ada hausemi yote. Wekeni kando fedha za ovaroli, koti jeupe la maabara, buti za mpira, vifaa vya kupasulia, safari za masomo, na kodi ya chumba nje ya chuo endapo hosteli zitajaa. Muhula wa atachimenti ndio huwashangaza wazazi: mtoto haishi chuoni, hulipwa kidogo au halipwi kabisa, na bado anakula na kulipa nauli kila siku.

Kujaza

Mtoto huingia kwenye tovuti ya KUCCPS kwa nambari yake ya KCSE na mwaka wa mtihani. Nywila ya kwanza huwa ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE aliyoandikishwa nayo. Aibadilishe mara moja na aiandike kwenye daftari la nyumbani. Akijazia saiba, asimwachie mhudumu nywila, na asikubali kuchaguliwa kozi na mtu asiyemjua.

Kwa shahada ana nafasi sita. Pointi za mwaka jana mnazoziona kando ya kozi ni za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka huo, na mwaka huu zinaweza kupanda au kushuka. Kwa kijana wetu wa 32.98, nafasi mbili za kwanza ziwe za kozi anazozipenda zaidi hata kama mwaka jana zilifika 33.5 au 34. Mbili zinazofuata ziwe kati ya 31.5 na 33. Mbili za mwisho ziwe chini ya 30, lakini ziwe kozi ambazo angekwenda kwa moyo mweupe. Nafasi ya mwisho iliyojazwa ili mradi ijazwe ndiyo mara nyingi mtoto huangukia, kisha anaacha chuo mwaka wa kwanza. Mfumo humtazama kwa kufuata mpangilio wake, kwa hiyo anachokitaka zaidi kikae juu hata kama ni kigumu.

Msisubiri duru ya marekebisho mkidhani ni sawa na ya kwanza. Wakati huo hubaki kozi zenye nafasi tupu, na zile zinazotafutwa huwa zimeshajaa.

Kila kozi ya shahada ina msimbo wa tarakimu saba. Kozi yenye jina lilelile katika vyuo viwili ina misimbo miwili tofauti, na tarakimu moja ikikosewa mtoto wa Kisumu anaweza kujikuta ameomba chuo cha Pwani. Siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, kaeni mezani na ukurasa uliochapishwa. Mmoja asome msimbo kwa sauti, mwingine afuate kwa kidole kwenye orodha ya KUCCPS, mstari kwa mstari, mpaka wa sita. Kisha wekeni karatasi hiyo kwenye faili moja na cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCSE na risiti ya malipo. Zote zitadaiwa tena kwenye HELB, kwenye basari na siku ya kuripoti.